Baraza ya Mzee Zakaria Chini ya Mianzi

Magoti yangu yaliacha kazi kabla mimi sijaamua. Mwezi uliopita nilipiga magoti mbele ya nyumba ya mjukuu wangu hapa Njombe, nimwonyeshe fundi wake namna ya kulainisha ukingo wa baraza, na sikuinuka tena mpaka walipokuja watu wawili wakanishika makwapa kama gunia la viazi. Nikasema basi, imetosha. Mwiko nimempa Neema. Jiwe la kusugulia nimempa Tumaini. Ninyi wanafunzi wangu wengine mliobaki mikono mitupu ndio nawaandikia haya, msije mkasema Bibi Yuditi alikuwa na upendeleo. Nilisoma madarasa mawili tu, kwa hiyo mkikuta herufi imekaa vibaya iacheni ikae, imechoka.

Siku hizi mteja anakuja na picha kwenye simu. Anakuonyesha watu wamekaa nje, viti vizuri, jua linawaka, anasema nataka hivi hivi. Haulizi wale watu wako nchi gani, na huko upepo unatoka upande upi. Wakati wa Mwingereza hatukuwa na picha. Tulikuwa na Bibi Tabita.

Bibi Tabita Mwalongo alikuwa fundi wa sakafu na baraza, hapa Njombe hakuna aliyemfikia. Alikuwa mfupi, mpana, na popote alipokwenda alibeba kigoda kichwani. Watu wengine hubeba kigoda ili wakae wakichoka. Yeye alikibeba kwa sababu kukaa ndiko kulikokuwa mwanzo wa kazi yake.

Baba yangu, Mzee Kilasi wa Mahongole, alinipeleka kwake nikiwa na miaka kama kumi na mitano. Baba alikuwa mgema ulanzi, ile pombe ya mianzi, na mimi tangu nikiwa mdogo nilizunguka naye kwenye mianzi kila asubuhi na kila jioni, namshikia mbeta, ile mianzi mifupi ya kukingia utomvu. Alisema, "Huyu mkono wake ni mwepesi, lakini mgema mwanamke nani atamnunulia? Mchukue wewe." Nilimkuta kwenye uwanja wa mteja, nikafika na jembe, ndoo na bidii yote.

"Kamwene, Bibi," nikamsalimu.

"Kamwene. Jembe la nini?"

"La kazi, Bibi."

"Weka chini. Kaa."

"Nikae wapi?"

"Hiyo ndiyo kazi."

Nikakaa. Ukungu ulikuwa haujaondoka. Nikakaa kona ya kwanza ya uwanja mpaka meno yakagongana, akanihamisha kona ya pili. Mchana nikakaa ya tatu. Waliokwenda sokoni walikuwa wanasimama kututazama. Mmoja akasema, "Bibi Tabita, kumbe umeajiriwa kukaa?" Akamjibu, "Ndiyo, na wewe umeajiriwa kupita?" Jioni akaniuliza nimeona nini. Nikamwambia sijaona kitu, nimesikia baridi tu.

"Wapi?"

"Pale karibu na ghala. Na pale mbele, kwenye njia."

"Na wapi hukusikia?"

"Huku nyuma ya jiko. Jua limekaa mpaka saa nane."

"Basi umeshajenga nusu ya baraza," akasema. "Iliyobaki ni udongo tu."

Hilo la kwanza mlishike, nawaomba. Baraza si kitu cha kutazamwa kutoka barabarani. Mwenye nyumba atakaa pale na blanketi mabegani, anamenya viazi, anasubiri wageni, anazeeka. Kama hujakaa mahali hapo asubuhi, mchana na jioni, unamjengea mtu mwingine usiyemjua.

Udongo wetu ulitoka kwenye kichuguu, maana mchwa ameshauchekecha vizuri kuliko wewe. Tunautwanga, tunautandaza, tunaupiga kwa vipondeo, wanawake saba au wanane tumejipanga mstari, tunaimba. Halafu kinyesi cha ng'ombe aliyekula majani, asiwe aliyekula pumba, kile cha pumba kinanata na kuku wanakifukua. Halafu majivu kidogo, funza wasipende. Mwisho jiwe la mtoni, unasugua mpaka uone kivuli cha mkono wako. Kimo cha baraza Bibi Tabita alikipima kwa goti la mtu mzee kuliko wote nyumbani. Na maji alikuwa anayajaribu kwa kata moja: anayamwaga ukutani, anakaa, anayatazama. Yakisimama, tunabomoa. Hakuna aliyewahi kumbembeleza juu ya hilo. Mimi nilijaribu mara moja nikabomoa peke yangu.

Sasa kupiga sakafu kunatia kiu, na hapa ndipo Bibi Tabita alipoharibikiwa. Wale wanawake wa vipondeo kwa desturi walitulizwa kwa ulanzi kazi ikiisha. Misheni iliukataza. Mzee wa kanisa mmoja, Zakaria Mhema, alipita nyuma ya nyumba ya Bibi Tabita siku moja akakuta kibuyu. Bibi Tabita akasema alikuwa anaonja tu kama umeiva. Mzee Zakaria akauliza, "Ulikuwa unaonja kibuyu kizima?" Akatengwa. Hakuruhusiwa Meza ya Bwana wala kuketi ndani na wenzake.

Miaka saba kila Jumapili alisimama nje chini ya dirisha la kanisa, mvua na baridi ya Njombe ile mnayoijua, anaimba nyimbo zote kwa sauti kubwa kuliko waliokuwa ndani. Nilimwambia, "Bibi, tujenge hata kibaraza kidogo hapa ukutani, ukae." Akanitazama kama nimemtukana.

"Nikijenga," akasema, "nitakuwa nimekubali kukaa."

Hakulalamika zaidi ya hapo, lakini kila Jumatatu alipiga udongo kwa nguvu ambayo si ya udongo. Nilijua anachotaka. Alitaka kuingia mlangoni.

Kabla sijafika kwenye baraza ya Mzee Zakaria, niwaambie ya Makambako, kwa sababu bila ya Makambako Mzee Zakaria asingetuita.

Makambako wakati ule hapakuwa mji, palikuwa ni njia panda na upepo. Kulikuwa na Mzungu mmoja wa mambo ya barabara, sisi tulimwita Bwana Kofia kwa sababu kila siku tulimwona anaikimbilia. Alitaka baraza ya mbao, imeinuka kwa nguzo, imetoka mbele ya nyumba kama ulimi, juu ya kilima, aone barabara zote. Bibi Tabita akaweka kigoda chake pale asubuhi, mchana na jioni. Jioni akamwambia karani wa yule Bwana, jina lake Petro, "Mwambie hapa hapakaliki."

Petro akamwambia. Bwana Kofia akaonyesha bonde kwa mkono wote. "Anasema tazama uzuri wake," Petro akatuambia.

"Mwambie nimeutazama. Nimeutazama mpaka macho yakatoka maji."

Lakini mwenye nyumba ni yeye, tukaijenga pamoja na maseremala wake. Mbao zilikuwa za mwati, mbichi, zimetoka shambani wiki ile ile. Zikakauka zikajikunja kama chapati za jana, na kati ya mbao na mbao ikapatikana nafasi ya kupita kijiko. Najua ni kijiko kwa sababu kilipita. Siku ya chai ya kwanza Memsabu, mkewe, alitandika kitambaa cheupe. Upepo ukakiinua kitambaa na vikombe vyake, birika likabaki peke yake mezani, Bwana Kofia akaenda upande mmoja kufuata kofia na mgeni wake upande mwingine kufuata barua. Chini ya mbao kuku walikuwa wanagombania biskuti.

 Kesho yake Memsabu alimchukua Bibi Tabita kwa mkono, akampa kigoda, akamwonyesha kwa ishara: kaa. Tukakaa siku nzima. Tukamjengea baraza ndogo ya mawe bapa nyuma ya jiko, pembeni ya banda la kuku, mahali upepo hauoni. Akapandisha mmea wa kutambaa juu yake, akatundika vikopo vya maua. Kuanzia hapo wageni wote wa Makambako walinywa chai wanasikia harufu ya kuku na wanacheka. Ile ya mbao walianikia mahindi.

Mama Lea, mke wa Mzee Zakaria, alikwenda pale kumsalimu dada yake aliyekuwa yaya wa Memsabu. Aliporudi Njombe hakumpumzisha mumewe. Alitaka kukaa nje kwenye kivuli kilicho hai, na maua yamening'inia. Na habari ikaja wakati huo huo kwamba Mchungaji Yeremia, mchungaji mkubwa, mtu wa Ukinga, atafika kula kwao Jumamosi, kisha Jumapili atoe Meza ya Bwana.

Mzee Zakaria alikuja mwenyewe kwa Bibi Tabita. Alikuwa mrefu, anatembea kichwa ameinamisha, anatazama chini muda wote. Alisimama mlangoni asiingie, kama vile kile kibuyu bado kipo.

"Tabita, nimeambiwa kazi hii hakuna mwingine."

"Umeambiwa na nani?"

"Na mke wangu."

"Anasema kweli."

Akakohoa. "Ikiwa baraza itapendeza, na ikiwa hapatatokea neno lolote, nitalitaja jina lako mbele ya mchungaji. Urudi ndani."

"Neno gani litatokea kwenye baraza?"

"Sijui. Nasema tu. Neno lolote."

Bibi Tabita aliniamsha alfajiri siku iliyofuata akiwa ameshafunga kilemba, na hakuwahi kufunga kilemba kwenda kazini. Tukaenda tukakaa. Uwanja wa Mzee Zakaria ulikuwa juu, upepo unaingia pande tatu. Mahali pamoja tu palikuwa na joto, kando ya kichaka cha mianzi alichokiacha marehemu baba yake. Mzee Zakaria alikuwa hakigusi. Alikipita kama mtu anavyompita shemeji mlevi. Ilikuwa mianzi ya ulanzi, na mvua zilikuwa zimeshashika, machipukizi yametoka kila mahali, laini, marefu kuliko mtu.

"Hapa," akasema Bibi Tabita.

"Hapo?" akauliza Mzee Zakaria.

"Mianzi ni miti tu, mzee. Anayekunywa ni mtu."

Hilo hakuweza kulipinga. Tukaanza. Tukapiga sakafu ya nusu mwezi ikiingia kwenye kichaka, ukingo wa mawe bapa. Mianzi mikubwa tuliiinamisha ikakutana juu, tukaifunga kwa maganda ya mwati, ikawa paa la kijani. Machipukizi yale marefu nayo yalitakiwa yainamishwe yajaze mapengo, na ncha zake zipunguzwe zisimpige mgeni usoni. Kazi hiyo Bibi Tabita alinipa mimi. Yeye alikuwa chini na udongo, na alikuwa na mafua yaliyomziba pua wiki nzima.

Nikapanda kwenye kigoda na kisu changu. Kila ncha nikaikata mkato wa mshazari, mwembamba, safi. Kesho yake ncha zimekauka zimekuwa za kahawia, mbaya kutazama, na Bibi Tabita alichukia ncha mbaya. Nikaparura tena kidogo, unyuzi tu. Jioni tena. Asubuhi tena. Wiki nzima, asubuhi na jioni. Nilikuwa naimba na kisu kinakwenda chenyewe.

Jumatano Mama Lea akaja na vipande vifupi vya mianzi alivyokata, tisa, vimezibwa chini na fundo, kila kimoja na kamba yake. "Vya maua," akasema. "Memsabu ana vikopo, mimi ndivyo nilivyopata. Vitundike mahali panapopendeza, mwanangu." Nikavitundika. Kila kimoja nilipokiweka niliona moyoni ndipo mahali pake hasa. Akatia maua mekundu na meupe. Ilipendeza, jamani. Hata mimi nilishangaa jinsi yale maua yalivyokaa siku tatu bila kunyauka, na nyuki walivyoyapenda.

Mnacheka? Subirini kwanza.

Jumamosi Mchungaji Yeremia akafika na wazee wengine wawili. Alikuwa mtu mnene, mpole, kichwa kimeisha nywele. Alipoiona baraza alisimama. "Zakaria," akasema, "hapa mtu anaweza kukaa mpaka asahau njia ya kwao." Mzee Zakaria akatabasamu akitazama chini. Bibi Tabita na mimi tulikuwa tumesimama mlangoni pa jiko, tumeitwa tuwe karibu, jina likitajwa tuonekane. Bibi Tabita alikuwa amefunga kilemba kile kile. Mkono wake ulikuwa umeshika mkono wangu. 

Wakala, wakasifu viazi. Ikaja chai. Mchungaji akanywa kikombe cha kwanza.

"Mama Lea, umetia sukari nyingi. Asante."

"Baba Mchungaji, utusamehe, sukari hatuna. Imetuishia tangu juma lililopita."

Mchungaji akatazama kikombe. Akaletewa cha pili, akanywa polepole, akatulia. Cha tatu alikiomba mwenyewe. Alipokiweka mezani nikaona kwa macho yangu tone linatoka juu, zito, la taratibu, likaingia katikati ya kikombe. To! Na la pili likamwangukia kichwani, likateremka kwenye paji la uso mpaka mdomoni. Akalilamba. 

 Niliinua macho juu ya paa lile la kijani nikaona nilichokuwa nimekifanya. Mikato ya mshazari. Machipukizi yameinamishwa. Chini ya kila ncha, mbeta. Vyombo vya maua! Hata Baba asingezipanga vizuri zaidi.

Wakati huo huo mbeta iliyokuwa juu ya Mzee Zakaria, imejaa siku tatu, imeiva, nzito na nyuki wake wote, ikakata kamba. Ikamwagika shingoni mwake, ndani ya koti, maua yakabaki begani kama harusi.

Harufu ikaenea baraza nzima. Haikuwa ya mtogwa, ule mtamu wa siku hiyo hiyo. Ilikuwa ya mkangafu kabisa, ule unaowapiga wanaume. Kila mmoja pale mezani aliijua harufu ile, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuijua.

"Ni maua," akasema mzee mmoja.

"Maua gani?" mwenzake akauliza.

"Maua tu."

Mzee Zakaria akasimama, ulanzi unadondoka kutoka kwenye mikono ya koti. Akamnyooshea Bibi Tabita kidole. "Huyu! Nilimwamini Tabita huyu! Nimemleta nyumbani kwangu, naye amenigemea ulanzi juu ya kichwa cha mchungaji!"

Bibi Tabita ndiyo kwanza anatazama juu. Nilimwona anaelewa, mbeta moja baada ya nyingine. Angeweza kusema, si mimi, ni binti huyu. Ilikuwa kweli, na ilikuwa njia yake ya kuingia kanisani.  Badala yake akauachia mkono wangu, akaanza kufungua kilemba.

Hapo nikashindwa. "Ni mimi," nikasema. "Mimi ndiye niliyekata."

Mchungaji akageuza kiti. "Njoo, binti. Ulikata vipi?"

Nikamwonyesha kwa mkono.

"Nani alikufundisha?"

"Baba. Mzee Kilasi wa Mahongole."

"Ulikata mara moja?"

"Asubuhi na jioni, Baba Mchungaji. Ncha zilikuwa zinakuwa mbaya."

"Asubuhi na jioni," akarudia. "Na ukatundika mbeta."

"Vyombo vya maua."

Mzee wa maua akaanza kukohoa, akainamia chini ya meza kutafuta kitu ambacho hakikuanguka.

"Ulijua unagema?"

"Nilijua napunguza matawi. Mkono ndio uliojua mengine." Nikaanza kulia. "Bibi Tabita hajui kitu. Ana mafua."

"Hata hivyo," akasema Mzee Zakaria, "nilisema pasitokee neno lolote, na neno limetokea. Jina lake sitalitaja."

"Umeshalitaja," akasema Mchungaji. "Huyu mama alitengwa kwa kosa gani?"

"Ulanzi. Ulikutwa nyumbani kwake."

"Kiasi gani?"

"Kibuyu kimoja."

"Kimoja." Mchungaji akafuta kichwa kwa leso, akaitazama leso. "Binti, hebu nihesabie mbeta zilizopo hapa."

"Tisa, Baba Mchungaji. Pamoja na iliyomwangukia mzee."

"Mbeta tisa nyumbani kwa mzee wa kanisa. Na mchungaji ameshakunywa vikombe vitatu, cha tatu akiomba mwenyewe." Akawatazama mmoja mmoja. "Haya, wazee. Tuanze kumtenga nani?"

 Nyuki ndio walioongea. Kisha nikageuka, nikamwona Mama Lea ameziba uso kwa kanga, mabega yanaruka, na sauti inamtoka kama mtoto anayebanwa na kifaduro. Yule mzee wa chini ya meza naye akashindwa. Mchungaji akacheka mpaka akaangusha kijiko, akakitafuta, hakikuwa kimepita popote, maana sakafu yetu haina nafasi.

Mzee Zakaria peke yake hakucheka. Alivua koti, akalikamua pembeni, kwa uangalifu, ulanzi usiingie kwenye sakafu. Alikaa. Alitazama chini muda mrefu kuliko kawaida yake.

"Jumapili aingie," akasema.

"Unasema, mzee?" akauliza Bibi Tabita. Kusikia alikuwa amesikia, nawaambia. Alitaka kusikia mara mbili.

"Nimesema aingie. Uingie." Akapangusa shingo. "Hii itakauka?"

"Koti?"

"Baraza."

"Baraza inakauka, mzee. Harufu ndiyo itakaa mpaka Pasaka."

Nilipanda kigoda nikaziondoa mbeta zote, nikaziba ncha za machipukizi kwa udongo zisitoe tena. Mama Lea alichukua mbeta moja akasema atamwaga nyuma ya nyumba. Alikawia kidogo kurudi. Mimi sikuuliza.

Jumapili Bibi Tabita alifika kanisani mapema kuliko mpiga kengele. Aliliangalia lile dirisha lake kwa nje, akapita. Mlangoni alisimama, akaweka mguu mmoja ndani, akasikiliza kama anapima kimo, kisha wa pili. Akakaa benchi la pili mbele. Nyimbo zote aliimba kwa sauti ile ile ya nje, waliokuwa mbele yake wakainamisha vichwa.

Wakati wa Meza ya Bwana tukaenda pamoja kupiga magoti. Mchungaji Yeremia alikuwa anakuja na kikombe, taratibu, mtu kwa mtu. Bibi Tabita alikuwa amefumba macho, machozi yanamtoka. Ghafla nikaona macho yamefunguka. Goti lake limesogea. Akainama, akagonga sakafu kwa kifundo cha kidole. Ko, ko.

"Yuditi," akaninong'oneza, mnong'ono wa mtu aliyezoea kuimbia dirishani, kanisa zima lilisikia. "Sakafu hii alipiga nani?"

"Sijui, Bibi. Nyamaza."

"Ina uwazi ndani. Sikiliza." Ko, ko, ko. "Udongo haukutwangwa. Maji yamesimama upande wa ukuta. Hii ilipigwa baada ya mimi kutoka."

Mchungaji alikuwa ameshafika mbele yake, amesimama na kikombe, anasubiri. Kwenye benchi la wazee mtu akakohoa. Kikohozi chake nilikijua.

"Nilipiga mimi," akasema Mzee Zakaria. "Hatukuwa na fundi."

"Inaonekana, mzee," akasema Bibi Tabita, akafumba macho tena, akapokea kikombe.